Banda la Kuku Liwe Tayari Kabla ya Mvua ya Septemba

Rubaya, huku Masisi mashariki mwa Kongo, haina theluji, ila baridi inayo. Mji umekaa milimani, juu zaidi kuliko Goma, nayo Goma yenyewe iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikiisha, mvua ya Septemba huingia na kudumu hadi Desemba, hupumzika kidogo Januari, kisha hurudi katikati ya Februari na kuendelea mpaka Mei. Ukungu hauondoki bondeni mpaka jua lipande, na nguo ulizofua jana unazikuta bado mbichi leo. Huo ndio msimu unaomaliza vifaranga. Banda linatakiwa kuwa tayari kabla haujaanza, maana ukipigilia mbao zilizolowa unafungia unyevu ndani yake.

Jambo ambalo mfugaji wa huku anapaswa kulishika kuliko yote ni hili: kuku mzima hauawi na baridi ya Masisi. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na amevaa manyoya yanayoshika hewa kavu karibu na ngozi. Usiku akijivimbisha na kuficha kichwa chini ya bawa, amejifunika blanketi lake. Kinachomshinda ni kulowa, kulala juu ya kinyesi kibichi, na kuvuta usiku kucha ile hewa kali ya amonia inayotoka kwenye kinyesi hicho. Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona mtu, kwa huruma kabisa, anaziba banda lake kwa magunia na turubai hadi tundu la mwisho. Anadhani anawatia joto. Anawafungia kwenye chungu chenye mvuke.

Hakikisha mwenyewe. Kesho alfajiri, kabla hujawafungulia, fungua mlango kidogo, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa vichwa vyao, kisha vuta pumzi. Macho yakikuwasha au pua ikichoma, kuku wako wamelala humo saa kumi na mbili wakivuta hewa hiyo. Halafu inua macho utazame chini ya bati au turubai. Utaona matone yamejipanga, mengine yanadondokea migongoni mwa kuku, na mvua haikunyesha usiku. Hayo ni maji yaliyotoka kwenye pumzi zao na kinyesi chao, yakapanda, yakakutana na bati baridi, yakageuka matone. Banda la namna hiyo hata ukilifunika kwa makoti ya jeshi zima, kuku watakohoa tu.

Mahali pa kujenga

Milima ya Rubaya ni mizuri kwa macho na mibaya kwa msingi. Maji ya mvua hushuka yakibeba udongo, na kila aliyeishi karibu na machimbo ya koltani anajua kilima kilichochimbwa kinavyoweza kuteleza. Usiweke banda chini ya ukingo uliokatwa wima, wala kwenye njia ambayo maji yamejichorea yenyewe. Tafuta sehemu yenye mteremko mdogo, panapopigwa na jua la asubuhi. Upande wa juu chimba mfereji wenye umbo la mwezi mchanga, kina cha jembe moja, uzungushe maji pembeni na kuyamwaga mbali. Mfereji huo ndio kazi ya bei rahisi kuliko zote nitakazotaja hapa, na ndio watu wanaouruka.

Kwa ndugu zetu walioko upande wa Sake na Bulengo kuna hatari nyingine isiyoonekana: mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye maeneo ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukusanyika mashimoni na kwenye mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu aliyesimama anaweza asiathirike, lakini kuku na mbuzi walio chini wakafa. Ukikuta panya, ndege au mijusi wamekufa shimoni bila jeraha, usijenge hapo banda, na watoto wasichezee hapo.

Jengo lenyewe

Kwa nchi ya mvua kama hii mimi nachagua banda lililoinuliwa juu ya nguzo, na sitetereki katika hilo. Nguzo nne au sita za mkalitusi, sakafu ikiwa mita moja hivi kutoka ardhini, nayo imetengenezwa kwa fito au mianzi iliyopasuliwa, ikiachiana nafasi ya upana wa kidole ili kinyesi kidondoke chini na mguu wa kuku usitumbukie. Maji yanapita chini, hewa inapita chini, na kila wiki unazoa mbolea kwa ajili ya maharagwe bila kuingia ndani. Kabla ya kusimika nguzo, zipake oili chafu ya pikipiki kwenye sehemu itakayoingia ardhini, usubiri ikauke. Mchwa na uozo vitachelewa. Juu kidogo, vika kila nguzo kipande cha bati au debe kuukuu la mafuta lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Panya akipanda atafika hapo na kurudi. Kicheche naye atapata shida.

Siafu ni habari nyingine. Wakati wa mvua hutembea kwa majeshi, na kuku anayeatamia hakimbii haraka. Watamkuta juu ya mayai. Zungushia majivu makavu mapana chini ya kila nguzo, na uyabadilishe kila mvua ikiyalowesha. Wengine husimamisha nguzo ndani ya makopo yenye oili chafu. Inafanya kazi mradi majani au fito zisiguse banda kutoka pembeni, kwa kuwa siafu wakipata daraja watalitumia.

Kuta zijengwe kwa mbao au udongo pande tatu, zikiwa hazina upenyo kuanzia sakafuni hadi juu ya vichwa vya kuku wanapolala. Juu ya hapo, chini kabisa ya paa, acha nafasi wazi ya shubiri moja upande ambao upepo wa mvua hautokei, uizibe kwa wavu wa waya. Hapo ndipo hewa chafu inapotokea. Upepo usiwapige kuku mwilini, lakini uwapitie juu ya vichwa: ukielewa sentensi hiyo moja umeelewa banda zima. Kama sakafu ni ya fito na upepo wa chini ni mkali, zungushia nguzo magunia upande mmoja tu, ule unaopigwa zaidi. Pande zote nne ukizifunga umerudi kwenye chungu.

Paa lishuke nje ya ukuta mkono mmoja ili mvua ya kusukumwa isiingie. Bati ni zuri kwa uimara, ila linatoa jasho. Chini yake funga mkeka wa mianzi au tabaka la majani makavu, na matone yataisha. Turubai nalo linafaa ukilitandaza juu ya fito na kuweka majani juu yake ili jua lisilipasue. Bila majani hayo litachanika kabla ya mwaka kwisha.

Ndani, kuku wanataka fito za kulalia. Kuku hapendi kulala chini, na anayelala chini ndiye anayeamka na kifua kibichi. Weka fito zenye upana wa sentimita nne au tano, upande wa juu uwe bapa, kingo zimelainishwa. Kwenye fito bapa kuku hukalia vidole vyake na kuvifunika kwa manyoya ya kifua. Kila mmoja umpe sentimita 20 hadi 25. Fito zote ziwe kimo kimoja, la sivyo wataanza kugombea ya juu kila jioni, na wanyonge wataishia chini. Mita moja ya mraba ya sakafu inatosha kuku wanne au watano wanaoshinda nje. Viota viwe vya giza kidogo, vya sentimita 30 kila upande, kimoja kwa kuku wanne au watano, navyo viwekwe chini kuliko fito za kulalia, maana kuku hutafuta pa juu kabisa pa kulala, na atakapolala ndipo atakapochafua.

Kuhusu wale wanaolaza kuku jikoni: sababu yao naijua. Mwizi yupo, na wenye silaha wakipita, kuku ndio wa kwanza kuondoka. Lakini moshi wa kuni unaharibu mapafu ya kuku kama unavyoharibu ya mama anayepika, na kinyesi cha kuku karibu na sahani za watoto kinaleta kuhara. Njia ya katikati ipo. Jenga banda likiegemea ukuta wa nje wa jikoni, mlango wa kuku uwe nje, na mlango mdogo wa kufungia uwe ndani ya jikoni. Usiku unapitia mlango huo mdogo kufunga ule wa nje kutoka ndani. Mwizi hawezi kufungua bila kuingia nyumbani mwako, na kuku hawavuti moshi wako.

Matandiko

Asiye na uwezo wa kuinua banda atabaki na sakafu ya udongo. Sawa, lakini aipandishe kuliko uwanja kwa kushindilia udongo na mawe madogo (walio karibu na lava wana bahati, kokoto zake nyepesi hupitisha maji vizuri), halafu amwage maranda ya seremala au majani makavu yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita kumi. Maranda hayo ayakusanye Agosti. Mafundi wa mbao huyatupa au huyachoma, na Oktoba utayapata yameshalowa.

Kila siku mbili tatu, yapindue kwa jembe. Kila wiki chukua konzi moja kutoka katikati ya banda, uikaze, kisha uifungue. Ikibaki donge, ni mbichi: ondoa sehemu hiyo, ongeza makavu, utafute maji yanatoka wapi, mara nyingi ni chombo cha maji kinachomwagika au bata walioingia. Ikiachana taratibu, iko vizuri. Ikiruka vumbi tupu, imekauka kupita kiasi nayo inakohoza kuku, ingawa kwa Rubaya ya mwezi wa kumi na moja sidhani utalia kwa ukavu. Bata, kwa kusema kweli, wajengewe kwao. Wanachezea maji na kulowesha kila kitu, na tena wanaweza kubeba virusi bila kuonekana wagonjwa. Mwaka 2017 homa ya ndege ya aina ya H5N8 ilipothibitishwa Ituri, kwenye vijiji vya Ziwa Albert, ilikuwa kwa bata na kuku wa nyumbani kama hawa wetu.

Kuku wanahitaji pia kuoga vumbi, na wakati wa mvua vumbi halipo. Chukua kreti kuukuu au tairi la gari, ulijaze udongo mkavu uliochanganywa na majivu ya babula (jiko la makaa), uliweke chini ya paa. Utitiri na chawa hupungua sana. Ukiona vitu vidogo vyekundu kwenye nyufa za fito usiku, mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa hizo, kausha, kisha paka oili. Miguu iliyovimba magamba, yale yaliyoinuka kama ukoko, ipake mafuta ya mawese mara mbili kwa wiki. Wadudu wanaokaa chini ya magamba hukosa hewa.

Hesabu ya vifaranga na ya kuku wakubwa

Banda zuri likijazwa kupita kiasi ni banda baya. Mwezi wa saba na wa nane ndio wakati wa kupunguza. Jogoo mmoja anatosha majike kumi. Waliobaki uwauze wakiwa bado wana nyama, kabla barabara ya Mushaki na Sake haijageuka tope na bei za usafiri kupanda. Kuku mzee ambaye mayai yake hayalipi anachokula naye aende. Wachimbaji wa Rubaya hununua nyama na mayai mwaka mzima, soko halikosekani.

Kuatamisha nako kuna majira yake. Yai huanguliwa baada ya siku 21, na kifaranga huhitaji wiki sita hivi kumaliza kuota manyoya ya kweli. Kabla ya hapo manyoya yake ni pamba tu, na pamba ikilowa haimsaidii. Piga hesabu kurudi nyuma kutoka katikati ya Septemba: mayai ya mwisho yawekwe chini ya mama katikati ya Julai. Kuku akitaka kuatamia Septemba, mwondoe kwenye kiota, mweke kwenye tenga lenye upenyo chini kwa siku tatu nne akiwa na chakula na maji, ataacha na kurudi kutaga. Ukiwa na vifaranga wa mvua kwa bahati mbaya, wafungie na mama yao ndani ya tenga usiku, na asubuhi usiwatoe mpaka umande ukauke. Mama ndiye joto bora. Vifaranga wa kununua, wasio na mama, wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na joto hilo lipungue kidogo kidogo kila wiki. Wengi huweka babula ya makaa ndani ya boksi. Tafadhali, babula iwe mahali penye hewa, isilazwe ndani ya banda lililofungwa: makaa huua kimya, na mbao za nyumba zetu zinashika moto haraka. Afadhali madumu yaliyojazwa maji ya moto, yakazungushiwa kitambaa, yakabadilishwa usiku mara mbili. Inachosha, lakini kila mtu anaamka mzima.

Ndugu walio Kanada au Marekani wakikupigia simu watakuambia habari za taa. Kwao ni kweli: Desemba mchana wao ni mfupi, na kuku hupunguza au huacha kutaga mwanga unapopungua. Wanapaka hata mafuta ya mgando kwenye upanga wa jogoo usigande kwa barafu. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo kuku wako akiacha kutaga Novemba usilaumu giza. Laumu chakula.

Chakula cha jioni

Kuku akiingia kulala na kifuko cha chakula cha shingoni kikiwa kitupu, hana cha kuchoma usiku ili apate joto. Wakati wa mvua mbegu za kujitafutia hupungua au kuku wenyewe hujibanza chini ya paa bila kutafuta. Mpe konzi ya mahindi yaliyovunjwa au mtama saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga. Ndiyo nyongeza yenye faida kuliko zote kwa gharama ndogo.

Mahindi peke yake hayatengenezi yai. Kuku anataka protini, na Masisi ina vitu ambavyo watu wanavimwaga. Mashamba yanayotengeneza jibini, ile ya magurudumu inayojulikana hadi Kinshasa, hubaki na maji ya maziwa mengi baada ya kukamua jibini. Mengi hupewa nguruwe au humwagwa. Omba ndoo moja, ulowanishie pumba, uwape asubuhi, na uondoe mabaki kabla hayajachacha. Mabaki ya samaki wadogo, sambaza na ndagala, vichwa na vumbi la gunia, yasage. Machicha ya kasiksi (pombe ya ndizi) yanafaa yakiwa mabichi na kwa kiasi. Lengalenga (mchicha) ifunge kwa kamba wadonoe. Maganda ya mayai yakaange yakauke, uyasage, yanarudisha chokaa mwilini.

Mazao mawili ya mashamba yetu yanaweza kuwa sumu. Maharagwe yasiyopikwa yanadhuru kuku. Yachemshe kabisa, si kuloweka tu. Na viazi mviringo vilivyogeuka kijani, pamoja na maganda yake na machipukizi, visiende kwa kuku wala kwa mtu.

Maji wabadilishiwe kila asubuhi. Usiwaache wanywe madimbwi, wala maji mekundu yanayoshuka kutoka kwenye sehemu za kuoshea madini.

Chanjo, na siku ya soko

Nimezungumza banda kwa urefu kwa sababu linaonekana. Lakini ugonjwa unaofagia kijiji kizima hauulizi kama banda lako ni zuri. Kideri, ambacho madaktari hukiita Newcastle kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926, kinaweza kuondoa karibu kuku wote wasiochanjwa ndani ya siku chache. Kuku anazubaa, anahara kijani, anahema kwa shida, shingo inapinda, bawa au mguu unalegea, na wengine unawakuta wamekufa tu. Hakuna dawa. Pilipili kwenye maji haikitibu, mshubiri haukitibu, na kidonge cha tetra ulichonunua kwa ajili ya mtoto hakikitibu, kwa kuwa hiki ni kirusi.

Kuna chanjo tu, nayo haitibu bali hukinga. Mchanje kuku akiwa mzima, na umpe wiki mbili mwili wake ujenge kinga. Kwa kalenda yetu ningeweka chanjo katikati ya Agosti, mwanzoni mwa Desemba kabla ya pilikapilika za kuku wa Noeli, na tena Aprili. Kila miezi minne. Ukipata ile ya I-2, ambayo watafiti wa Australia waliitengeneza kwa ajili ya kuku wa vijijini na ambayo imetumika sana Tanzania na Msumbiji, ichague hiyo: ni tone moja jichoni, na inastahimili siku kadhaa nje ya friji ikiwekwa mahali pa baridi pasipo jua. Ile ya La Sota ni nzuri pia ila haivumilii joto. Isafirishwe na barafu ndani ya thermosi kutoka duka la dawa za mifugo, na itumike siku hiyo hiyo. Hapa Rubaya wenye friji ni wauza bia. Mwombe mmoja akugandishie chupa za maji usiku uliotangulia.

La Sota ya kunywesha ina masharti. Maji yawe ya chemchemi au ya mvua, safi, yasiyotiwa klorini, kwenye chombo cha plastiki na si cha bati. Changanya kwanza maziwa yaliyotolewa mafuta, kidogo, maana huikinga chanjo isife. Kuku wanyimwe maji kwa saa mbili kabla, wapewe asubuhi na mapema, wamalize ndani ya saa mbili. Kilichobaki kichemshwe na kumwagwa.

Chupa moja mara nyingi huwa na dozi 100 au zaidi, na nyumba moja haina kuku 100. Hapo ndipo watu wanapokata tamaa, na mimi naona ndipo penye faida. Nyumba ishirini za avenyu moja zikichanga, kila mmoja analipa kidogo, na wote wanachanja asubuhi moja. Ukichanja peke yako umekinga kuku wako. Mkichanja wote mmenyima ugonjwa pa kukaa. Mama mmoja mwenye kuaminika aandike kwenye daftari nani ana kuku wangapi na tarehe ya kurudia. Masisi ni nchi ya ng'ombe, na kwa miaka mingi daktari wa mifugo akija alikuja kwa ajili ya ng'ombe. Lakini tangu mapigano ya 1993 ng'ombe wameporwa mara ngapi? Nyumba nyingi zilizorudi kutoka kambi za Goma zimeanza upya na kuku wawili watatu. Kuku huyo anastahili daktari wake.

Kwa sababu hiyo hiyo usiweke kuku wako wote mahali pamoja. Mpe jirani au shemeji wa kilima cha pili majike wawili awafuge, mgawane vifaranga, kama wazee walivyofanya kwa ng'ombe na mbuzi. Ugonjwa ukipita kwako, au watu wenye bunduki wakipita, una pa kuanzia.

Kuhara damu kwa vifaranga, mabawa yakiwa yameanguka, ni ugonjwa mwingine, na huo ni mtoto wa matandiko mabichi. Unatibika kwa dawa za aina ya salfa au amproliamu, zikitolewa mapema na kwa kipimo alichosema daktari wa mifugo. Mayai ya kuku aliye kwenye dawa usiyale wala kuyauza mpaka muda ulioandikwa kwenye pakiti upite. Ndui, vile vipele vyeusi kwenye upanga na machoni, huenezwa na mbu wa msimu wa mvua. Fukia makopo na madimbwi karibu na banda.

Kuku mpya anayetoka sokoni, hata awe mzuri vipi, akae peke yake majuma mawili, kwenye tenga, upande wa pili wa nyumba, na apewe chakula wa mwisho baada ya wengine, kisha unawe mikono na miguu. Sehemu kubwa ya kideri huingia nyumbani kikiwa kimefungwa miguu, kichwa chini, juu ya pikipiki.

Na hapa nina ombi. Kuku wawili wakifa ghafla na wa tatu akianza kupinda shingo, moyo utakuambia uwapeleke waliobaki sokoni haraka kabla hawajafa, upate angalau pesa ya unga. Usiwapeleke. Kwa siku moja hiyo ya soko utakuwa umeutuma ugonjwa hadi Ngungu, Matanda na Kibabi. Wafungie, wazike waliokufa kwenye shimo refu, na chokaa au majivu juu yake, mbali na chemchemi, usimpe mtu wala mbwa, kisha nenda ukawaambie majirani jioni ileile, ili wao wafunge milango ya mabanda yao kabla ya asubuhi.